Tisa Iliyozidi Themanini na Nne

Twataka kuwaeleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe mbele ya wazee wa kijiji. Hatulifichi, maana wako walimu wenzetu wanaoanza sasa kuwafundisha watoto kazi ya kompyuta, na huenda wakatumbukia katika shimo lile lile.

Shuleni petu pana kipimamvua. Kila asubuhi saa tatu mwanafunzi wa zamu huenda kukitazama, akaandika katika daftari milimita zilizonyesha, na madaftari hayo yamekuwa ya miaka mingi. Hata wazee wa kanisa walipokusudia kuchimba mfereji wa kupitisha maji nyuma ya kanisa, wakatuuliza, "Mwalimu, mvua iliyo kubwa kupita zote kwa siku moja ilikuwa kiasi gani?" Tulifurahi kuulizwa. Tulikuwa tumejifunza kidogo lugha ya kompyuta iitwayo Python, aliyoitoa Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, mwaka 1991, nayo hutumiwa sana na wataalamu wa sayansi. Wanafunzi wakanakili madaftari yote katika kompyuta, nasi tukaiagiza itafute iliyo kubwa. Ikajibu mara moja: 9.5.

Tukalipeleka jibu barazani. Bibi mmoja mzee akatutazama, akasema, "Mwalimu, mwanangu, mvua ile iliyoangusha ukuta wa ghala langu, chombo chako hakikuiona?" Hakuna aliyecheka, na hilo lilituuma zaidi. Tukarudi shuleni, tukafunua daftari la Aprili ya mwaka ule. Imeandikwa wazi kwa mkono wa mtoto: 84.

Basi sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Ndani ya kompyuta vimo vitu viwili vifananavyo machoni petu, wala si ndugu: hesabu, na utungo wa herufi. Twauita utungo kwa kuwa herufi zake zimetungwa moja baada ya moja kama shanga katika uzi. Kila ushanga una mahali pake, na katika Python ule wa kwanza huhesabiwa sifuri, si moja. Ushanga waweza kuwa herufi, au nukta, au nafasi tupu isiyoonekana kwa macho, au tarakimu. Utungo hufungwa kwa alama za kunukuu. Kwa hiyo 84 ni hesabu, bali "84" ni shanga mbili tu, 8 na 4. Ukijumlisha 12 na 5 wapata 17. Ukijumlisha "12" na "5" wapata "125", maana umeunga nyuzi mbili. Wazee waliopanga herufi za risasi katika vyumba vya kupigia chapa vya misheni wangalilielewa jambo hili upesi kuliko sisi: 9 ya risasi haina thamani ya tisa, ni kipande cha risasi chenye sura ya tisa.

Na kila kisomwacho kutoka faili la maandishi huja kwanza kama utungo. Sisi hatukukumbuka kuzigeuza tungo zile. Kompyuta ilipolinganisha "9.5" na "84", ilifanya kama tufanyavyo tutafutapo neno katika kamusi: ilitazama ushanga wa kwanza. Kila herufi ina namba yake katika orodha ya kompyuta. A ni 65, a ni 97, tarakimu 8 ni 56, na tarakimu 9 ni 57. Hamsini na saba yapita hamsini na sita; shauri likaishia hapo.

Tazameni tena jambo hili. Kama tungaliomba jumla ya mvua zote, mtambo ungalikataa kabisa, nasi tungalijua kwamba tumekosa. Tulipoomba iliyo kubwa, ulijibu bila haya. Mwanafunzi asemaye "sijui" hana hatari kama yule ajibuye upesi kwa uso mkavu.

Tukatumia amri ya float, igeuzayo utungo kuwa hesabu yenye desimali. Ikakataa, maana mtoto mmoja alikuwa ameandika "62,5" kwa mkato badala ya nukta. Tukaleta amri ya replace, itiayo nukta mahali pa mkato. Float ikakataa tena! Tulikesha na jambo hilo. Kumbe utungo ukiisha kutungwa haubadiliki kamwe. Amri ile hutunga mwingine mpya na kukukabidhi, na ule wa kwanza hukaa vile vile. Nasi ule mpya hatukuupa jina, ukapotea. Tulipoupa jina, kazi ikaendelea. Majina ya miezi nayo yalitutesa kidogo: "Machi", "machi", na "Machi " yenye nafasi nyuma yake ilihesabiwa kuwa miezi mitatu mbalimbali. Msomaji wa kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, akumbuka jinsi Waefraimu walivyotambuliwa kwa sauti moja tu kwenye vivuko vya Yordani. Kompyuta ni mlinzi wa namna ile. Amri ya strip huondoa nafasi za mwanzo na za mwisho, na lower hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo.

Likabaki neno moja lisilo na amri. Siku nyingine zilikuwa na kistari tu, "-", na float haikubali kistari kitupu. Mwalimu mwenzetu akashauri tuvigeuze vyote kuwa 0, kazi iishe. Tukakataa, tukawaita wanafunzi waliokuwa na zamu. Wengi wakasema kwamba mvua haikunyesha. Wengine wakatazamana, hata mmoja akakiri kwamba siku zile zilikuwa za likizo, wala hakuna aliyekwenda kutazama. Nazo ziliangukia katikati ya masika. Hizo tukaziacha tupu.

Tukarudi barazani na 84, tukazitaja na siku zisizojulikana, moja moja kwa tarehe. Bibi yule akatuomba tuirudie ya tatu. Akafikiri kidogo, akasema siku hiyo ndiyo mbuzi wake wawili walipochukuliwa na maji. Wazee wakaongeza upana wa mfereji.