Moyo Mwema Unahitaji Shule

Twawaomba ruhusa ya kuanza na jambo la nyumbani kwetu, maana pengine limetokea na kwenu. Binti wa marehemu ndugu yetu alimaliza masomo yake ya sekondari, akatangaza mbele ya jamaa kwamba ataka kuingia shule ya uuguzi. Tukakutana jioni kulitazama jambo hilo, kwa sababu pesa za shule si haba, na shamba la jamaa ni moja. Kaka yetu mkubwa, mtu wa busara asiyepungukiwa na maneno, akasema: "Miaka mitatu ya kumfundisha msichana kumhurumia mgonjwa? Hilo alikwisha kujifunza mgongoni mwa mama yake." Watu wote wakacheka. Nasi tukacheka.

Usiku ule binti akatufuata barazani. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu: "Baba mdogo, hata ninyi mlicheka?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukilitafuta, na tulipolipata tuliona kwamba halimhusu mtoto huyu peke yake. Lamhusu kila mzazi mwenye mtoto wa kusomesha, na kila nyumba yenye mgonjwa wa kutunza.

Kaka yetu hakusema uongo. Huruma ndiyo mzizi wa kazi ya kuuguza, na asiye nayo afadhali atafute kazi nyingine. Lakini je, huruma peke yake yatosha? Tutawasimulia habari tatu za nchi yetu wenyewe, kisha mtahukumu.

Habari ya kwanza ni ya Yambuku, kaskazini ya nchi hii, mwaka 1976, ilipoitwa Zaire. Palikuwa na hospitali ya misioni yenye vitanda 120 na watumishi 17, miongoni mwao Masista kutoka Ubelgiji. Daktari hakuwapo. Watu walitoka mbali kwenda kutibiwa huko, kwa kuwa dawa zilikuwapo na wagonjwa walipokewa vema. Mwisho wa mwezi wa Agosti mwalimu mmoja wa shule ya misioni alifika akiwa na homa. Ikadhaniwa kuwa ni malaria, akadungwa sindano ya klorokini. Siku chache baadaye homa ikamrudia kwa nguvu, akatokwa na damu, akafa. Kisha wakaanza kuugua watu wengine waliopita hospitalini siku zile, na wanawake wenye mimba waliokuja kupimwa, na jamaa zao waliowauguza na kuwaosha maiti.

Wataalamu walipofika kuchunguza, waliuliza swali ambalo laonekana dogo: sindano zatumiwaje hapa? Wakaambiwa kwamba kila asubuhi hutolewa mabomba matano ya sindano kwa kazi ya siku nzima. Mgonjwa mmoja akiisha kudungwa, bomba husuuzwa katika beseni la maji ya uvuguvugu, kisha hutumiwa kwa mwingine. Jioni, pengine, huchemshwa. Basi kile kidudu kisichoonekana kwa macho kilipitia njia ileile ya dawa. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, hata milango ikafungwa. Na ilipofungwa, ugonjwa ukaanza kupungua. Fikirini jambo hilo: nyumba ya kuponyea ilipofungwa, ndipo watu walipoanza kusalimika.

Twalisema jambo hili kwa heshima na kwa uchungu. Masista wale na wenzao hawakuwakimbia wagonjwa wao. Walikaa nao mpaka kufa. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba walipungukiwa na huruma? Ila sindano haijui nia ya mkono unaoishika. Mkono mwema na mkono mbaya, kwa sindano chafu, ni sawasawa. Yafaa tukumbuke pia kwamba wazee wa vijiji, ambao hawakusoma udaktari, walifunga njia ili wagonjwa na wazima wasichanganyike, kama babu zao walivyofanya wakati wa ndui. Nao walikuwa na elimu yao, iliyotokana na kutazama na kukumbuka.

Katika siku zile alifika Yambuku daktari kijana Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kisha elimu ya vidudu huko Leuven. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, damu ikamtiririkia vidoleni. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba aliponyoka kwa kuwa alinawa mikono kwa maji na sabuni. Akarudi Kinshasa pamoja na Sista mmoja mgonjwa, na damu ya Sista huyo ikapelekwa Anvers, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Hapo ndipo wataalamu walipokiona kidudu kipya, kikaitwa Ebola, kwa jina la mto. Sista alifariki. Mwuguzi kijana wa Kinshasa aliyemtunza akafariki pia. Kidudu kilichopatikana katika damu ya mwuguzi huyo kimetumiwa miaka mingi katika maabara za dunia kutafutia dawa.

Habari ya pili ni ya Kikwit, mwaka 1995. Ebola ilirudi, watu 315 wakaugua, na 254 wakafa. Mara hii tena hospitali ililipa kodi kubwa: wauguzi, madaktari, na Masista sita kutoka Italia walikufa kwa kuwahudumia wagonjwa. Lakini Muyembe na wenzake walijiuliza: mtu aliyepona, ni nini kilichomwokoa? Bila shaka damu yake imejifunza kupigana. Wakachukua damu ya waliopona, wakawaongezea wagonjwa wanane. Saba wakapona.

Mtu wa kawaida angepiga vigelegele, akasema dawa imepatikana. Sisi tungekuwa wa kwanza. Lakini wataalamu waliuliza swali gumu: je, ni damu iliyowaponya, au ni uangalizi bora waliopata wakati ule, misaada ilipokwisha fika? Wanane ni wachache, na hapakuwa na wengine wa kulinganishwa nao. Mwanzoni swali hilo lilitukasirisha. Tuliona kama kiburi cha wenye shule. Kumbe ndiyo heshima yenyewe kwa mgonjwa. Maana anayempa mgonjwa dawa asiyoijua, kwa kuwa tu aitumaini, amemfanya mgonjwa kuwa kafara ya matumaini yake.

Swali lile halikuachwa. Miaka mingi baadaye, mtu mmoja aliyepona ugonjwa wa Kikwit alikubali kutoa damu yake tena. Wataalamu wa Kongo, wa Marekani na wa Uswisi wakatafuta ndani yake wale askari wadogo wa mwili waitwao kingamwili, wakamchagua mmoja mwenye nguvu, wakatengeneza dawa iliyoitwa mAb114.

Ndipo yaja habari ya tatu, ambayo ni ya kwetu kabisa. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola iko Kivu ya Kaskazini. Hata ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Wengi wenu mwakumbuka: ndoo za maji yenye dawa milangoni mwa makanisa, na amani ya Misa tuliyopeana bila kushikana mikono. Mwakumbuka pia maneno yaliyosemwa: kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya wakubwa, kwamba anayeingia kituo cha matibabu hatoki. Sisi wenyewe tuliyasikia maneno hayo sokoni, wala hatukuyakemea. Wauguzi walipigwa, vituo vikachomwa, na mwezi wa Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Cameroun aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali huko Butembo.

Katikati ya fujo hiyo, kazi ya utafiti ilifanyika ambayo dunia yote iliitazama. Ilianza mwezi wa Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ikapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Dawa zilikuwa nne. Kila mgonjwa aliyekubali, au ambaye jamaa yake walimkubalia, alipewa moja kati ya hizo nne kwa kura. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Wengine waliuliza: kwa nini kura? Daktari si achague tu iliyo bora? Jibu ni kwamba hakuna aliyeijua iliyo bora, na kama daktari angechagua kwa moyo wake, pengine angewapa walio hoi dawa hii na wenye nguvu dawa ile, na mwisho wake asingejua ni dawa iliyoponya au ni nguvu za mgonjwa.

Wagonjwa 681 waliingia katika kazi hiyo. Wauguzi walikuwa ndani ya mavazi mazito, katika joto kali, wakipima, wakiandika saa na kipimo, bila kuruka mstari. Mwezi wa Agosti 2019 hesabu ikasema wazi. Kati ya waliopewa dawa mbili za kwanza, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mAb114 au nyingine iitwayo REGN-EB3, waliokufa walikuwa karibu theluthi moja. Na miongoni mwa waliofika mapema, kidudu kikiwa bado kidogo katika damu, dawa hizo mbili zilipoteza karibu mmoja tu kati ya kumi. Mara moja dawa nyingine mbili zikaachwa, wagonjwa waliofuata wakapewa dawa hizo mbili tu. Ugonjwa ulioua karibu watu wote huko Yambuku sasa ulikuwa na dawa, na moja ya dawa hizo ilitoka katika damu ya Mkongo.

Tusidhani kwamba kazi ile ilikuwa ya sindano tu. Walihitajika watu wa kuketi na jamaa wenye hofu, wa kumweleza mama kwa nini asimkumbatie mwanawe, na wa kuzika kwa heshima bila kueneza kifo. Beni palijengwa vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha, ili jamaa wamwone mgonjwa wao na kusema naye. Uvumi wa watu kupotezwa ukapungua nguvu hapo. Watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa walilelewa na waliopona, kwa kuwa miili yao ilikwisha kuushinda ugonjwa, nao waliweza kumbeba mtoto ambaye wengine waliogopa kumgusa. Lakini hata hao walifundishwa kwanza: namna ya kuvaa na kuvua, namna ya kumpima mtoto joto, namna ya kunyamaza na mtu mwenye msiba. Kumfariji mtu nako kuna elimu yake.

Basi tukamwita tena kaka yetu na jamaa wote, tukawasimulia habari hizi tatu kama tulivyowasimulia ninyi. Tulianza kwa kumwomba binti yetu radhi mbele ya watu, kwa kuwa tulimcheka mbele ya watu. Kaka yetu alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Kisha akamgeukia.

"Na huko shuleni watakufundisha kuchemsha sindano?"

"Siku hizi, Baba mkubwa, sindano hutumiwa mara moja tu, kisha hutupwa," akajibu. "Watanifundisha kujua kwa nini."

"Na ukifika hospitali ambayo sindano hazitoshi?"

Binti alikaa kimya kidogo. "Hapo ndipo nitakapohitaji kujua kwa nini kuliko mahali pote," akasema, "kwa maana wataniambia nidunge tu, na nitapaswa kukataa."

Kaka yetu hakucheka tena. Akauliza bei ya mbuzi wawili sokoni.

Wazazi wapenzi, mtoto wenu akiwaambia ataka kusomea kazi ya wagonjwa, msimwulize tu kama ana moyo mwema. Mwulizeni kama yu tayari kusoma, kuandika alichokiona, na kukubali kuambiwa amekosea. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yule Msamaria tunayehubiriwa kila mwaka hakusimama njiani akalia kwa huruma. Alijua namna ya kusafisha jeraha na kulifunga.

Binti yetu ameanza masomo yake. Mwezi uliopita alituandikia kwamba juma la kwanza zima walifundishwa jambo moja tu, kunawa mikono, na kwamba mwalimu aliwarudisha bombani mara nne. Tulimsomea kaka yetu barua hiyo. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaomba maji na sabuni kabla ya kula.