Nauli ya Meli ya Kitalii Inanunua Nini?

Nauli inayotangazwa na kampuni za meli za kitalii ni bei ya kupanda ngazi tu. Kiasi kitakachotoka mfukoni baada ya hapo hutegemea umepanda meli ya daraja gani, nawe ni mtu wa namna gani ukiwa ndani yake. Jambo hili lilituchukua miezi minne kulielewa, sisi ndugu watano, tangu tulipoazimia kumsafirisha Mama baharini.

Mama yetu ana miaka 71. Wawili kati ya watoto wake tupo Dar es Salaam, mmoja yupo Mombasa, mmoja Muscat na mmoja Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Mara ya mwisho sote kukaa chini ya paa moja ilikuwa mwaka 2016, tulipomzika Baba. Dada yetu wa Columbus ndiye aliyeleta wazo: meli ni nyumba, ni jiko na ni chombo cha safari kwa wakati mmoja, Mama atafungua sanduku lake mara moja tu, na goti lake halitasumbuliwa na kupanda na kushuka mabasi. Wazo likakubaliwa siku ileile. Mvutano ulianza tulipofika kwenye kuchagua meli.

Kaka wa Muscat alitaka meli ya fahari: Silversea, Seabourn au Regent Seven Seas. Hoja yake ilikuwa fupi. Mama ametumikia watu tangu alipokuwa binti. Amelea, amepika, ameuguza. Mara hii naye atumikiwe. Dada wa Columbus alitaka meli ya nafuu, Carnival, MSC au Royal Caribbean, ili wajukuu wote kumi na mmoja waweze kwenda. Kila mmoja alikuwa na haki, na ndiyo maana mjadala haukumalizika kwa simu moja. Sisi tunaoandika haya, kwa kuwa tumezoea kuandika kumbukumbu za vikao vya msikiti, tulikabidhiwa kalamu na kuambiwa tulete hesabu.

Wiki moja katika chumba cha ndani kisicho na dirisha, watu wawili chumbani, kwenye meli za nafuu zitokazo Miami au zinazozunguka Mediterania, mara nyingi hupatikana kwa dola 500 hadi 900 kwa kila mtu, kutegemea msimu. Wiki kama hiyo katika meli za fahari aghalabu huanzia dola 4,000 kwa mtu, na kupanda kwake hakuna dari. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa karibu nauli mbili, kwa sababu chumba huhesabiwa kuwa ni cha wawili. Wajane na walijue hilo mapema.

Mtu angedhani kwamba daraja hizi mbili zina wenyewe tofauti. La. Shirika la Carnival, lililoanzishwa na Ted Arison mwaka 1972 kwa meli moja kuukuu iliyokwama kwenye mchanga nje ya Miami katika safari yake ya kwanza, leo linamiliki Carnival ya nafuu, Princess na Holland America za katikati, Cunard ya kale na Seabourn ya fahari. Kundi la Royal Caribbean lina Celebrity na Silversea. Norwegian nayo inashika Oceania na Regent. Tajiri ni mmoja, ila amefungua maduka matatu, na kila duka lina mlango wa kimo chake.

Tofauti ipo katika nafasi na katika mikono ya kukuhudumia. Ukubwa wa meli hupimwa kwa tani za ujazo, ambazo licha ya jina lake hazipimi uzito, bali nafasi iliyomo ndani ya meli. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina tani 248,663 na huchukua abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa chumba; kila abiria hupata tani 44 hivi. Carnival Vista ya mwaka 2016 ina tani 133,500 na ushei kwa abiria wapatao 3,900, yaani tani 34 kwa mtu. Seven Seas Explorer ya Regent, ya mwaka huohuo, ni ndogo kuliko zote mbili, tani 55,000 na ushei, lakini hubeba abiria 750 tu: zaidi ya tani 70 kwa mtu. Katika Carnival Vista mfanyakazi mmoja huwakabili abiria karibu watatu. Katika Explorer hawafiki wawili. Huko ndiko nauli inakokwenda. Hupangi foleni ya chakula, huvizii kiti kwenye sitaha, na mhudumu hulijua jina lako kabla hujalitaja.

Baada ya nafasi tukaitazama mifuko, na hapa hesabu yetu ilipinduka. Katika miaka ya karibuni, takriban theluthi moja ya mapato ya shirika la Carnival haikutokana na nauli, bali na vinavyouzwa baada ya abiria kupanda: vileo, kamari, intaneti, picha, mikahawa ya kulipia, matembezi ya nchi kavu. Meli ya nafuu huuza baharini. Meli ya fahari humaliza kuuza mkiwa bado nchi kavu: Regent, kwa mfano, hujumuisha katika nauli vinywaji, bahashishi na matembezi mengi ya bandarini. Sasa ichukue familia isiyokunywa wala kucheza kamari. Kwenye meli ya fahari inalipia shehena ya mvinyo isiyogusa hata tone lake. Kwenye meli ya nafuu inakula, inalala na kuogelea kwa nauli iliyoshushwa kwa kutarajia kwamba kila abiria atakesha baa.

Tulipoyasoma haya kwenye kikao cha simu, Kaka wa Muscat alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Basi hiyo nauli yenu ya nafuu inafidiwa na meza za kamari, au vipi?” Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatutaki kujifanya tunalo sasa. Swali la hukumu yake tulilipeleka kwa shekhe wetu, na gazetini si mahali petu kulitolea fatwa. Lakini lilitufanya tutafute meli zisizo na kumbi hizo kabisa, nazo zipo.

Disney, iliyoanza safari za baharini mwaka 1998, haina kamari katika meli zake. Inategemea watoto na wazazi wanaowafuata, na nauli yake inazidi kwa mbali ya majirani zake wa Miami. Viking, iliyoingia baharini mwaka 2015 baada ya miaka mingi ya mitoni, nayo haina kamari, ni tulivu kama maktaba, na katika nauli humo matembezi katika kila bandari. Ila haipokei mtu aliye chini ya miaka 18. Wajukuu tisa wangebaki nyumbani, na divai ya chakula cha jioni bado ingekuwa imo kwenye bei. Ya tatu ni Aroya ya Saudi Arabia, iliyoanza safari zake kutoka Jeddah Desemba 2024: haina pombe, haina kamari, na chakula chake chote ni halali. Meli yenyewe ina historia ya kuchekesha. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikakamilika mwaka 2017 kwa jina la World Dream, kwa ajili ya Genting, matajiri wa kamari wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kampuni ikafilisika mwaka 2022, na chombo kikaingia mikononi mwa watu wenye nia nyingine.

Kaka hakukata tamaa. Alileta pendekezo la katikati, nalo ndilo tulilolijadili muda mrefu kuliko yote. Siku hizi meli kubwa huficha meli ndogo ndani yake. MSC huiita Yacht Club, Norwegian huiita Haven. Cunard, iliyoanza mwaka 1840, bado huwalisha wenye vyumba vikubwa katika kumbi zao peke yao. Unapanda meli moja na umati, lakini una bwawa lako, chumba chako cha kulia, na mtumishi wa kukupangia nguo. Kaka akasema: tumweke Mama huko juu pamoja na dada mmoja, sisi na watoto tukae chini kwa bei ya chini. Fedha zitatosha, na kila mtu atapata alichotaka.

Kwa karatasi ilikuwa hesabu nzuri. Tatizo ni mlango. Sehemu hizo hufunguliwa kwa kadi ya aliyelipia, na mjukuu wa miaka sita kutoka sitaha ya chini haingii, hata bibi yake akiwa ameketi hatua kumi upande wa pili wa kioo. Mama alipoelezwa aliuliza jambo moja tu: “Nikae huko na nani?” Dada wa Columbus hakuongeza neno. Tulikuwa tunamsafirisha Mama ili aone wajukuu, kisha tukawa karibu kumnunulia ukuta wa kumtenga nao.

Lipo pia suala la wanaotandika vitanda. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alifanya kazi miaka mitatu ya uhudumu wa vyumba katika meli za daraja la chini, nasi tulimwendea. Meli hizi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta, na mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu mtu afanye kazi hadi saa 14 kwa siku, mradi zisizidi 72 kwa wiki. Alisema bahashishi, ambayo kampuni za nafuu huiongeza kwenye hesabu ya abiria kwa dola 16 hadi 20 kwa siku kwa kila mtu, ndiyo iliyokuwa ikisomesha wadogo zake. Wapo abiria wanaokwenda kaunta siku ya mwisho kuomba ifutwe, na kampuni kadhaa huwakubalia. Tumeazimia kuiandika kama sehemu ya nauli tangu mwanzo. Atakayeiona nzito achague usiku chache zaidi.

Mambo madogo yaliyobaki yaliamuliwa na goti la Mama na pasipoti zetu. Meli kubwa hutia nanga penye nafasi: anayekwenda Roma hushukia Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 kutoka mjini, na huko Santorini abiria hupelekwa pwani kwa mashua. Meli ndogo za fahari hukaribia miji zaidi, na hapa tunakiri zinastahili bei yake kwa mzee. Mediterania ingetutaka viza za Schengen kwa karibu kila mmoja wetu wa Afrika Mashariki. Jeddah ni rahisi zaidi kwetu, na Mama anaweza kutangulia kufanya Umra akiwa na nguvu.

Kwa hiyo jina lililobaki juu ya orodha ni Aroya, ingawa nauli yake haitaishinda MSC ya chumba cha ndani, baadhi ya safari zake ni fupi, na wajukuu wa Ohio watakaa kwenye michezo ya kuigiza ya Kiarabu bila kuelewa neno. Kaka wa Muscat amekubali, kwa sharti moja: chumba cha Mama kiwe na roshani, na tofauti ya bei ailipe yeye. Sisi wengine tutalala ndani kusiko na dirisha, watoto wanne kwa chumba pale itakaporuhusiwa. Kitanda cha pili cha chumba cha Mama watapokezana wajukuu, mmoja kila usiku, na orodha ya zamu imeshaandikwa. Kinachosubiriwa ni likizo ya Dada wa Columbus, ambaye mwajiri wake bado hajamjibu.