Bagamoyo, pale njia ya miguu iliishia

Lori nyingi zinapita Kasumbalesa na kubeba shaba mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kama wewe pia unafika kule, kwa kazi ao kwa kutembelea ndugu, usirudi bila kuona Bagamoyo, mji mdogo wa zamani kando ya bahari, karibu kilometa 70 upande wa kaskazini.

Juu ya nini ninakutuma kule? Katika karne ya 19, wakati wa mfalme Msiri wa Bunkeya, shaba, pembe za tembo na watumwa vilitoka Katanga kwa miguu, miezi na miezi, kuelekea pwani. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara. Wengi wenye kufungwa minyororo hawakuona tena kwao.

Anza asubuhi, jua lingali pole. Pita katika njia nyembamba, uangalie nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya mbao yenye kuchongwa. Utaona pia Boma, yenye Wajerumani walijenga mwaka wa 1897.

Kisha enda kwenye misheni ya Wakatoliki, yenye ilianza mwaka wa 1868. Mapadri walikomboa watumwa kwa feza, wakawapa kijiji cha kukaa. Pale njo mwili wa David Livingstone ulifikishwa, mwezi wa pili mwaka wa 1874. Sisi Waprotestanti tunajua sana jina lake. Lakini Chuma na Susi, je? Wao na wenzao walimbeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, karibu miezi tisa. Katika barabara zenye watu walivutwa kwa minyororo, wao walitembea kwa mapendo.

Vijana watafurahia kutembea mpaka Kaole, karibu kilometa 5 kusini, kwenye misikiti na makaburi ya mawe ya tangu karne ya 13. Mubebe maji na kofia. Jioni murudi pwani kutazama majahazi na wavuvi. Mwenye hajui kuogelea abaki pembeni.

Watoto watauliza maana ya jina Bagamoyo. Wengine wanasema: mpagazi alitua mzigo, akabwaga moyo, akapumzika. Wengine wanasema: mtumwa aliuacha moyo wake pale, mbele ya kupanda jahazi. Uwaeleze zote mbili, kisha uwaache wakimbie kwenye mchanga.