Siku Nne Unguja Bila Kitu Mfukoni

Mimi ni muuguzi, na ni mama wa watoto watatu. Ninaishi Mlalo, katika milima ya Usambara, ambako asubuhi ya mwezi wa saba huwezi kutoka nje bila sweta. Mume wangu ni fundi seremala. Mwaka 2023 tulitimiza miaka 20 ya ndoa, na kwa miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa na kibubu chini ya kitanda. Tuliahidiana kwamba hakitavunjwa kwa ajili ya mbolea wala mchango wa harusi ya mtu. Kilikuwa kibubu cha kwenda Unguja.

Akina mama wenzangu mnajua jinsi vibubu vinavyovunjwa. Kijana wetu wa kwanza alichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, mbali na nyumbani. Godoro, sare, madaftari, ndoo, sanduku la bati, nauli. Tulipomaliza kumfungia mizigo tulibakiwa na nauli ya basi na ya boti, kwenda na kurudi, na fedha kidogo ambazo zingetosha labda kununulia maji ya kunywa.

Mume wangu alisema tuahirishe. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Nikingoja karakana yako itupeleke, nitazikwa sijavuka Mombo."

Hakujibu. Alichukua kofia yake akaenda karakana, ingawa nilijua hakuna kazi huko. Siku hizi watu wengi hununua vitanda na makochi yaliyokwisha tengenezwa mjini, na kwa muda mrefu mshahara wangu ndio uliokuwa ukibeba nyumba. Sote wawili tulilijua jambo hilo, ila siku ile nililisema. Sikumwomba radhi. Tulisafiri kwa sababu binti wa dada yangu, ambaye ni mwalimu Unguja, alikuwa amekwisha kututandikia kitanda.

Miguu haidai nauli

Binti yetu anaishi katika maghorofa ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Asubuhi ya kwanza alitupa chai ya maziwa na mihogo, akatuambia, "Mama mdogo, baba, leo msipande gari. Unguja ni mji wa miguu. Shibeni hapa nyumbani, mtembee, mchana mrudi kula."

Kutoka Michenzani hadi Mji Mkongwe ni mwendo mfupi. Unavuka barabara moja kubwa. Zamani pale palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na upande wa pili, ndiyo maana huku kunaitwa Ng'ambo mpaka leo, ingawa maji yalifukiwa zamani na watu wanavuka kwa miguu mikavu.

Mara tu baada ya barabara lipo soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Nilizoea kwenda sokoni nikiwa na orodha na hesabu kichwani. Siku ile nilikwenda na macho na pua tu. Karafuu, mdalasini, kungumanga, iliki. Nilimweleza mama mmoja kwamba iliki huota hata kwetu Usambara, upande wa Amani, akanimiminia punje mbili kiganjani nionje kama zinafanana. Kwenye mboga nilikuta viazi na karoti, nikauliza zinatoka wapi. "Bara, Lushoto," alinijibu yule kijana kwa fahari, kana kwamba ananitajia Ulaya. Nilicheka peke yangu. Mume wangu naye alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka kwamba hatuzungumzi.

Tulitembea hivyo asubuhi nzima, yeye mbele, mimi nyuma, katika vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Tulisikia adhana, na baada ya kona mbili tukasikia kengele kutoka hekalu la Wahindu. Kona nyingine tukaona minara miwili ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wafaransa miaka ya 1890, ambamo Wagoa wengi walikuwa wakisali. Kwetu Mlalo, mgeni akifika anajulikana kwa siku moja. Hapa, Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mmakunduchi wamekaa ukuta kwa ukuta kwa vizazi, nao hawashangaani.

Milango

Mambo yalibadilika siku ya pili, na yalibadilishwa na mlango.

Ulikuwa mlango mkubwa wa mbao nyeusi kwa uzee, wenye njumu za shaba zilizochongoka. Mume wangu alisimama. Alipitisha kidole kwenye nakshi, akainama kuangalia maungio ya fremu, akanusa mbao. "Msaji," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza lisilokuwa jibu la swali langu tangu tutoke nyumbani.

Barazani palikuwa na mzee ameketi. Nyumba za mji ule zina baraza za mawe pande mbili za mlango, na mtu yeyote anaweza kukaa, mwenye nyumba au mpita njia. Tulimwamkia, akatukaribisha. Mume wangu aliposema kwamba yeye ni seremala, mzee aliinuka. Kwa muda wa saa mbili alituzungusha, mlango kwa mlango, bila kutudai hata senti.

Alituonyesha kwamba mlango wa Kiarabu wa zamani una kizingiti cha juu kilichonyooka, na wa Kihindi huwa na tao. Njumu zile zilitoka India, ambako husemwa kwamba ziliwekwa ili tembo wa vita wasisukume malango kwa vichwa vyao. Unguja hakuna tembo, lakini pambo lilibaki. Alituonyesha mfaa, ule mwimo wa katikati ambapo mbawa mbili za mlango hukutana, na michoro iliyochongwa: yungiyungi, samaki, mtende, na mnyororo unaozunguka ukingo wote. Kwenye baadhi ya milango, mwaka wa kutengenezwa umechongwa juu, kwa hesabu ya Kiislamu. Mume wangu aliuliza maswali ambayo sikujua kwamba anayo: patasi ya namna gani, mbao zilikaushwa muda gani, kwa nini mlango wa miaka mia moja haukupinda katika hewa ya chumvi.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nikimsikiliza mume wangu. Nilikumbuka kijana niliyemkubali zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Alikuwa akiongea hivyohivyo kuhusu mtarakwa wa Shume. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nilipomwuliza juu ya kazi yake bila kumwuliza imeleta shilingi ngapi. Sikupata jibu.

Mwisho mzee alitupeleka kwenye kona ya wazee wanaocheza bao, akamnunulia mume wangu kikombe cha kahawa chungu. Kikombe chenyewe hakizidi ganda la yai. Alikishika kama mtu aliyepewa zawadi.

Zahanati na kanisa

Siku ya tatu nami nilipata mlango wangu. Karibu na bandari kuna jengo lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi kama kitambaa cha kudarizi. Watu huliita Zahanati ya Zamani. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akikusudia liwe hospitali, kwa heshima ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Alikufa mwaka 1891 kabla halijamalizika. Baadaye lilipata mwenyewe mwingine, na chini yake ikafunguliwa zahanati ya hisani kwa ajili ya maskini. Leo si zahanati tena, lakini mimi nilisimama pale nikiwafikiria wale waliotangulia katika kazi yangu, waliofunga vidonda katika joto lile, bila dawa nyingi tulizo nazo sasa.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Sisi ni Walutheri, lakini tulikwenda kusali katika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Siku za kawaida wageni hulipa kiingilio. Anayekuja kusali halipi.

Kanisa hilo limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga mwezi Juni mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Altare ipo mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa viboko, na sakafuni kuna duara la marumaru kama alama. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs.

Nilisimama mbele ya sanamu hizo nikawaza nyumbani. Baada ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai kufa mwaka 1862, warithi wake waligombania utawala, na katika vita hivyo watu wa milima yetu walikamatwa na kuuzwa pwani kwa bunduki na baruti. Babu zetu walisimulia habari hizo. Wangapi walifika katika uwanja huu, wakiwa wamezoea baridi kama mimi, wakasimama juani wakitajwa bei? Nilivuta kanga yangu nikajifunika vizuri. Mtu kutajwa bei. Na mimi kwangu, mezani, nilikuwa nimempimia mume wangu thamani kwa kile anacholeta.

Ndani ya kanisa alinigusa mkono akanionyesha nguzo. Husimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyelijenga kanisa hilo, alisafiri, na mafundi wakazisimamisha nguzo kumi na mbili juu chini. Aliporudi hakuzing'oa. Ziko hivyo mpaka leo, na paa halijaanguka. "Fundi akikosea," mume wangu alininong'oneza, "si lazima avunjiwe." Sijui kama alikuwa akiongea juu ya mafundi tu.

Forodhani jioni

Jioni ya mwisho tulikula kwa binti yetu kwanza, kama alivyotushauri, halafu tukaenda bustani ya Forodhani. Harufu ya mishikaki na urojo ilikuwa kali, lakini tumbo lililoshiba halisumbui sana. Tulipita mbele ya Ngome Kongwe, ambamo tuliingia mchana bila kudaiwa kitu, na Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi mwaka 2020. Tuliketi ukutani, miguu ikining'inia upande wa bahari. Vijana walikuwa wakikimbia na kujirusha majini, mmoja baada ya mwingine, watu wakishangilia. Jua lilizama nyuma ya jahazi.

Nilimwambia, "Lile neno nililokuambia juu ya karakana, naomba unisamehe."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha alisema, "Nililisikia njia nzima, mpaka kwenye boti. Nilidhani utafika huku unihesabie kila tusichoweza kununua."

"Nimehesabu milango," nilimjibu.

Hapo alicheka, akanishika mkono hadharani. Kwetu watu wa rika letu hawafanyi hivyo.

Tuliporudi Mlalo

Kazi haikuongezeka karakana kwa sababu ya safari. Nisiwadanganye. Lakini siku hizi Jumapili jioni, kama sina zamu, tunatembea. Nimeishi Mlalo maisha yangu yote, na ni juzi tu aliponionyesha jinsi roshani za mbao za nyumba zetu za zamani za ghorofa zilivyochongwa. Mlango wa jikoni kwetu sasa una yungiyungi moja. Wa pili bado anauchonga.

Kwa mama anayetaka kwenda Unguja naye hana kitu, haya ndiyo niliyojifunza. Pata pa kulala kwa ndugu au kwa washarika, na usiende mikono mitupu: sisi tulibeba viazi na matunda damu. Kula nyumbani, na uchukue maji ya kunywa kwenye chupa. Tembea asubuhi na jioni, mchana pumzika kivulini. Vaa nguo ya heshima na uwe na kanga ya kujitanda. Ukifika wakati wa Ramadhani, usile wala kunywa njiani mchana. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Amkia kwanza, kisha uulize. Mji ule ni wa watu waungwana, na salamu ni bure.

Na kama kibubu chako nacho kimekwenda na godoro la shule, usiingoje Unguja. Toka jioni moja na mwenzako, mwulize habari za kazi yake, na siku hiyo usimwulize imeleta kiasi gani.