Godoro la Mama na Khutba Yetu



Miaka mingi tumesimama juu ya mimbari tukiwakumbusha Waislamu malazi ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba godoro lake lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Sayyidna Umar (R.A.) naye aliona alama za jamvi ubavuni mwake, akalia. Tuliyasema hayo tukikusudia kuwaonya wanaojifakhiri kwa samani. Hatukujua kwamba nyuma ya pazia, upande wa wanawake, mama yetu mzazi alikuwa akiyahifadhi moyoni.

Mama alibadilishiwa nyonga ya kulia huko Nairobi, baada ya kiungo kulika kwa miaka. Safari ya kurudi Mombasa ilikuwa ndefu mno kwa mtu mwenye mshono mbichi, basi akapumzika kwa mdogo wetu anayeishi Konza, pale reli ya Magadi inapoachana na ile ya Mombasa. Ulikuwa mwezi wa Juni, na usiku wa Konza una baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui.

Mama alikulia kwenye kitanda cha kamba na godoro la sufi. Alipofika Konza aliomba atandikiwe chini: mkeka, na juu yake godoro jembamba la sponji. Mdogo wetu alipotupigia simu kwamba anataka kununua kitanda na godoro la maana, Mama aliichukua simu.

"Mwanangu, si wewe uliyetusomea habari za godoro la Mtume? Mimi ni nani hata nilalie la maelfu?"

Tukanyamaza. Na tukiri mbele yenu: nafsi yetu ilifurahi kuona khutba imefika.

Juma lililofuata tulikwenda kumzuru. Kabla ya swala ya alfajiri tukasikia kitu kikikwaruza ukuta. Tulimkuta Mama ameinuka nusu, mkono mmoja ukutani, machozi yakimtiririka. Alikuwa akijaribu kusimama akatawadhe tangu usiku. Hakutaka kutuamsha. Mdogo wetu alimwinua kama alivyomwinua kila siku, na hapo ndipo tulipomwona naye akijishika kiuno. Godoro moja lilikuwa linawaumiza wanawake wawili.

Asubuhi ile tulimpigia daktari. Alitueleza kwamba nyonga mpya, wiki za mwanzo, haipasi kukunjwa kupita pembe mraba, wala miguu kupishanishwa. Anayeinuka kutoka sakafuni hana budi kuikunja sana, na kiungo chaweza kuchomoka. Isitoshe, godoro lililobonyea katikati huupinda uti wa mgongo, na ndiyo maana Mama alilalamikia kiuno kuliko mshono wenyewe.

Tulirudi kwenye vitabu vyetu kwa haya. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Alimwelekeza Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Ikiwa swala, nguzo ya dini, yalegezwa kwa ajili ya maumivu, vipi malazi? Na katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, kitanda cha mume, cha mke na cha mgeni vimekubaliwa. Cha nne ndicho cha shetani. Kipimo ni haja. Kinachozidi haja ni israfu, na kinachopungua haja ya mgonjwa ni dhulma.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo nusu ya pili mbona hukuisoma siku ile?"

Tukaenda Machakos mjini kutafuta. Muuzaji wa kwanza alitusukumia godoro gumu kama ubao, akidai ndilo dawa ya mgongo. Wengi wetu twaamini hivyo. Lakini mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania juu ya watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno: waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Ile sponji inayobonyea taratibu kwa joto la mwili nayo tuliiacha, kwani hukakamaa kwenye baridi, na kwetu Mombasa ingelainika na kumtia joto.

Mdogo wetu, ambaye umbo lake lakaribiana na la Mama, alilala juu ya kila moja kwa muda wa kutosha, chali na kwa ubavu. Tulichukua sponji nzito ya ugumu wa wastani, yenye ukingo usiozama mtu akikalia. Kisha tukapima kimo cha kitanda pamoja na godoro lake: Mama akiketi ukingoni, nyayo zake zikanyage sakafu na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Mto mmoja tuliuweka kati ya mapaja. Alihuzunika kwamba hawezi kulalia ubavu wa kulia kama ilivyo sunna. Tukamwambia angoje ruhusa ya daktari, na nia yake Allah aijua.

Enyi mlio na mgonjwa nyumbani, masharti ya kila upasuaji hutofautiana, basi muulizeni daktari wenu. Na akiona homa, uvimbe wa ndama ya mguu, au maumivu yanayozidi, msibadilishe godoro. Mpelekeni hospitali upesi.

Mama amesharejea Mombasa na godoro lake. Usiku huinuka mwenyewe, akatawadha, akaswali kitini. Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari tukaisoma ile nusu ya pili, kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atuwie radhi kwa tuliyoyasema nusu. Amin.