Cyangugu: Uchafu Uliogeuka Moto wa Jikoni

Msafiri atokaye Kigali kwenda Cyangugu hupita kwanza katika Nyungwe, msitu wa milimani wenye ukungu na milio ya kima. Akiisha kuuvuka hukuta mashamba ya chai, kisha barabara huteremka hadi Ziwa Kivu. Ng'ambo ya mto Rusizi huonekana Bukavu, mji wa Kongo.

Katika Rwanda, nchi ya vilima, watu ni wengi na kuni ni haba. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, magereza yalijaa kupita kiasi. Maelfu walihitaji kulishwa kila siku, na masufuria makubwa ya maharage hayaivi bila shehena za kuni. Palikuwa na taabu ya pili, isiyosemwa mbele ya wageni: vyoo. Juu ya kilima, uchafu ukifurika huwaendea walio bondeni.

Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilizitazama taabu hizo mbili kwa pamoja. Mwaka 2001 mtambo wake wa kwanza wa gerezani ulianza kazi Cyangugu. Mitambo ya namna hiyo ni matangi ya matofali yenye paa la kuba, yaliyofukiwa ardhini na kuunganishwa, kila moja likiwa na meta za ujazo 50 au 100. Kinyesi huingia kwa mfereji uliofunikwa. Ndani, pasipo hewa, vijidudu hukivundisha na kutoa gesi iwakayo. Gesi hukusanyika kubani na kulisukuma tope pembeni. Bomba likifunguliwa, uzito wa tope huirudisha nguvu hiyo na kuipeleka gesi jikoni.

Matumizi ya kuni yalipungua kwa takriban nusu, na wapishi wakapata nafuu ya moshi. Tope lililokwisha kuvunda, ambalo harufu yake ni ndogo, likawa mbolea ya mashamba ya gereza. Mwaka 2005 taasisi hiyo ilipewa Tuzo ya Ashden mjini London, na magereza mengine ya Rwanda yakafuata mfano huo.

Hata hivyo, kazi hii yataka uangalifu. Kuba lenye ufa huvujisha gesi. Dawa kali za kusafishia vyoo huwaua vijidudu. Na tope la vyoo halifai kumwagiwa mboga ziliwazo mbichi.

Teknolojia hii si ngeni Tanzania. Huko Arusha, kituo cha CAMARTEC kilieneza tangu miaka ya 1980 mitambo midogo ya kuba kwa wafugaji, ambao huchanganya samadi na maji kwa vipimo sawa. Lakini funzo la Cyangugu lawahusu zaidi wale walao kwa pamoja, kambini, chuoni au shuleni: kuni zitafutwazo mbali kwa gharama, nusu yake huenda imelala nyuma ya vyoo.