Hasara Isiyo na Matanga

Mtu akifariki Ziwani, mtaa unajua la kufanya. Kabla giza halijaingia hema limesimama kati ya safu mbili za nyumba, viti vya plastiki vimekodishwa, na mwenye mwandiko mzuri amekabidhiwa daftari la michango. Kamati hukaa kila jioni hadi siku ya kusafirisha mwili. Msiba una utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaotusaidia kuubeba. Lakini kuna vitu vilivyotutoka bila hema na bila daftari, na hakuna aliyesimama kutoa hata tangazo. Kimojawapo ni ile saa ya jioni ambayo mtaa mzima ulitazama kitu kimoja. Ilitutoka wakati wakubwa walipokuwa wakigombania nani abebe matangazo ya nani, na kwa masharti gani.

Ziwani ilijengwa na baraza la manispaa la Nairobi miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, jirani na Kariokor na Starehe. Nyumba zake ni ndogo, zimekaribiana kiasi kwamba jirani akikaanga kitunguu unajua ugali wake uko karibu. Katika nyumba kama hizo maisha hayakai ndani. Hutoka mlangoni, yakasambaa uani, yakaingia kwa jirani. Runinga nayo ilifuata desturi hiyo. Great Wall ya inchi 14 ilikuwa ya mwenye nyumba kwa risiti tu. Jioni iligeuzwa ikatazama mlango ili waliokaa nje kwenye vigoda wasikose. Antena ya alumini, kazi ya mafundi wa Kamukunji, ilifungwa juu ya mti mrefu, na mtoto mmoja alitumwa kuizungusha huku watu wazima wakimpigia kelele kutoka ndani: "Hapo hapo! Rudisha kidogo! Usiiguse tena!"

Kilichokuja kupitia antena hiyo hakikuwa na ankara. Ukishalipa stima, basi. Kwanza ilikuwa KBC na Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi. KTN ilianza mwaka 1990, ikafuatwa na Citizen na NTV mwishoni mwa muongo huo. Watoto waliokuja baadaye walikua na Tahidi High, Machachari na Papa Shirandula. Asubuhi bombani hukuhitaji kumweleza mtu hadithi tangu mwanzo. Ulisema tu, "Umeona vile alifanya?" na mwenzako akaendeleza.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi shosho mmoja aliyeuza mandazi asubuhi. Taarifa ya saa moja ilipoanza na msomaji akasema hamjambo, shosho alimjibu kwa sauti, "Hatujambo, mwanangu," akakaza leso yake ndipo akasikiliza. Hakuwa akifanya mzaha. Kwake, mtu aliyeingia nyumbani kila jioni na kusalimu alistahili kujibiwa. Mwezi Februari 2015 kioo kilipobaki na chenga tupu, aliuliza watu wale wameenda wapi. Kijana mmoja akamwambia, "Wamekosana, shosho." Akauliza wamekosana na nani. Akaambiwa, na serikali. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Na mimi nimewakosea nini?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi, kwa sababu katika mabishano yote ya miaka ile sikusikia mwingine akiliuliza kwa uwazi hivyo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na asili ndefu. Mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006 kuacha utangazaji wa analojia, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Katika mfumo wa zamani kila kituo kilikuwa na mlingoti wake na masafa yake. Katika mfumo mpya, mtambo mmoja unabeba chaneli nyingi kwa pamoja, kwa hiyo anayetengeneza kipindi na anayekisafirisha hadi nyumbani kwako wanaweza kuwa watu wawili. Leseni za kusafirisha zilipewa Signet, kampuni tanzu ya KBC, na Pan African Network Group, kampuni ya Wachina. Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group, wenye Citizen, NTV na KTN, wakalalamika. Walikuwa wamejenga milingoti yao kwa miaka mingi, nao walitaka leseni yao wenyewe. Tena StarTimes na GOtv, zilizouza ving'amuzi vya kulipia kila mwezi, zilikuwa zikibeba chaneli zao bila idhini na bila malipo.

Kesi ilipanda ngazi zote. Mahakama Kuu iliwakatalia Desemba 2013. Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi Machi 28, 2014. Mahakama ya Juu ikaupindua Septemba 29 mwaka huohuo, ikasema kwamba kanuni inayomlazimu msafirishaji kubeba vituo vya bure haivunji hakimiliki, na kwamba ombi lao la leseni lishughulikiwe. Wakaomba muda zaidi wa kuleta ving'amuzi vyao, wasiupate. Jumamosi ya Februari 14, 2015, maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano wakafika kwenye mitambo ya Limuru na kuizima. Citizen, NTV, KTN na QTV zikanyamaza kwa karibu wiki tatu.

Sisemi kwamba upande wowote ulikuwa hauna hoja. Aliyejenga mlingoti kwa pesa yake ana haki ya kuuliza kwa nini anyang'anywe kazi ya kuutumia. Serikali iliyofungwa na tarehe ya kimataifa nayo haiwezi kungoja milele. Hata mtazamaji alikuwa na wa kumsemea: shirika la kutetea watumiaji, COFEK, lilikwenda kortini mapema kulalamikia mzigo wa gharama ya ving'amuzi. Lakini ukizitazama hatua zote hizo kwa pamoja, unaona kilichokuwa kikigawanywa ni leseni, haki za matangazo na muda. Ile jioni yenyewe haikuwa katika orodha ya mali iliyogombaniwa. Kitu kisichokuwa katika orodha hakilipwi fidia kikiharibika.

Vituo viliporudi mwezi Machi, kupitia msambazaji wa vyombo hivyo vyenyewe, watu walishangilia na magazeti yakaandika kwamba mgogoro umekwisha. Kweli chaneli zilirudi, tena kwa picha safi kuliko ile ya antena. Lakini sasa kila runinga ilihitaji king'amuzi chake, na kila king'amuzi kilikuwa na bei, na kwa baadhi yake, malipo ya mwezi. Aliyenunua hiki aliona chaneli ambazo aliyenunua kile hakuziona. Mwenye kibarua cha kusukuma mkokoteni Gikomba aliahirisha hadi mwezi ujao, kisha mwezi mwingine. Aliyelipia alianza, bila ubaya wowote, kuhesabu siku zilizosalia kwenye malipo yake, na runinga inayohesabiwa siku haigeuzwi tena kutazama mlango. Vigoda vikapungua uani. Simu za kioo zingelileta hilo hata hivyo, najua, nazo zilikuwa njiani. Ila zilitukuta tumeshaanza kutawanyika.

Mwaka huohuo, Julai 12, Mzee Ojwang wa Vitimbi alifariki. Nchi ilimlilia Benson Wanjau, aliyemwigiza, kama babu wa kila nyumba, na ilikuwa haki yake. Nilipowasikia watu wa mtaa wakiigiza sauti yake na vituko vyake, nilitambua kwamba tulikuwa tunaomboleza pia namna ya kumjua mtu: kumjua sote kwa wakati mmoja, tajiri wa Lavington na fundi viatu wa Kariokor, kwa sababu hapakuwa na geti kati yake na sisi.

Upande wa mpira jeraha ni bichi zaidi. Eastlands, upande wetu wa Nairobi, ni nchi ya mpira. Uwanja wa City, ambao siku hizi unaitwa kwa jina la mwanasoka Joe Kadenge, uko mwendo wa miguu kutoka Ziwani. Kizazi cha baba zetu kilimjua Kadenge kupitia redio, na msemo wa "Kadenge na mpira" ukaingia midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Kwa takriban miaka kumi SuperSport, runinga ya kulipia, ilibeba Ligi Kuu ya Kenya. Ilileta kamera, ilileta pesa kwa klabu, na ilimpa kijana wa mtaa nafasi ya kuonekana mbali na hapa. Michael Olunga alipita humo, kutoka Thika United na Tusker hadi Gor Mahia iliyochukua ubingwa wa 2015 bila kupoteza mechi, ndipo akaenda Sweden kuichezea Djurgården.

Mwaka 2017 Shirikisho la Soka na wasimamizi wa ligi walivutana kuhusu idadi ya timu. Ligi ikaongezwa kutoka 16 hadi 18, SuperSport ikasema mkataba umevunjwa, ikafungasha kamera zake. Klabu zilikosa fedha na wachezaji wakakosa mishahara, na hayo yaliandikwa sana. Lililoandikwa kidogo ni hili: mtoto wa Ziwani aliweza kuendelea kuona Anfield na Old Trafford kwenye kibanda cha mpira kila wikendi, akajua jina la kipa wa akiba wa timu ya Uingereza, huku mechi iliyochezwa karibu na kwao akiisikia kwa kelele tu. Baadaye walikuja StarTimes mwaka 2020, na Azam TV mwaka 2023, kila mmoja na king'amuzi chake. Shabiki aliyenunua kimoja kwa ajili ya ligi yake alitakiwa kufikiria kingine.

Wala hatukuwa wa kwanza. Januari 30, 2009, kampuni ya GTV, iliyokuwa imenunua haki za Ligi Kuu ya Uingereza kwa ajili ya Afrika, ilifunga kazi ghafla na kuwaacha wateja wake wa Kenya na madishi juu ya paa yasiyopokea kitu. Hata huko Marekani, mwishoni mwa Agosti 2023, Disney na kampuni ya kebo ya Charter walishindwa kukubaliana malipo, na mamilioni ya nyumba yakapoteza chaneli ya michezo ya ESPN hadi Septemba 11. Walipoafikiana, kila upande ulitangaza ushindi. Tofauti na Ziwani ni kwamba mteja wa huko huwa na kampuni nyingine ya kuhamia. Wa kwetu hakuhama. Alizoea kukosa.

Hapo ndipo hasara ya namna hii inapouma. Kifo kina siku yake, na baada ya mazishi unajua umebaki na nini. Chaneli ikiondolewa unaambiwa ni ya muda, mazungumzo yanaendelea, subira. Unasubiri, na katika kusubiri unajifunza kuishi bila. Ikirudi, wewe si yule aliyeachwa. Jirani amezoea kulala mapema, mtoto amezoea simu yake, na shosho hana tena wa kumsalimu saa moja jioni. Hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa kwa hilo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuja kutupa pole.

Kwa miaka mingi sasa Ziwani yenyewe imekuwa ikitajwa katika mipango ya jiji ya kuvunja mitaa ya zamani na kupandisha magorofa. Huenda watu wakapata vyumba vyenye choo ndani na maji jikoni, nami siwezi kumwombea jirani yangu aendelee kupanga foleni bombani ili mimi nifurahie kumbukumbu. Lakini yaliyotupata kwenye runinga yamenifunza kuuliza mapema. Wanapokaa mezani wenye milingoti na wenye leseni, wenye ardhi na wenye ramani, huhesabu kile kinachoweza kuandikwa kwenye mkataba. Ule ua wetu hauandikiki, na usipotajwa kwa sauti utapotea kama ilivyopotea saa ile.

Kwa hiyo nataja. Kanuni ya kubeba vituo vya bure ilitetewa mahakamani kwa jina la umma. Basi umma na uisimamie, ili mtu aliyeishiwa na malipo ya mwezi asikatiwe habari za nchi yake. Ligi ya taifa inayotumia viwanja vilivyojengwa kwa kodi zetu iwe na angalau mechi moja kila wiki kwenye kituo kisicholipiwa, na sharti hilo liandikwe kabla haki hazijauzwa. Na popote nyumba mpya zitakapojengwa Eastlands, paachwe ukumbi ambamo watu wanaweza kutazama jambo moja pamoja na kubishana juu yake hadi usiku. Mkataba wowote unaohusu macho ya watu unapaswa kujibu swali la shosho kabla haujatiwa saini, kwa sababu yeye hakuwa amemkosea mtu.